Tanuu za Chuma za Ufipa na Mafundi Wake

Msafiri apitaye katika nchi ya Ufipa, juu ya uwanda ulio kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, aweza kuona shambani mnara wa udongo umesimama peke yake, mrefu kuliko mtu, mpana chini na mwembamba juu, nao una matundu yaliyouzunguka pande zote karibu na ardhi. Mgeni hudhani kuwa ni kichuguu, wala hakukosa sana, kwa maana udongo wake ulichukuliwa katika kichuguu. Lakini mnara huo ni kazi ya mikono ya watu. Ni tanuu ya kutolea chuma katika mawe, nayo kwa Kifipa huitwa ilungu, na zikiwa nyingi huitwa malungu.

Sisi tulipokuwa shuleni tulifundishwa habari za James Watt na mashine yake ya mvuke, tukazikariri hata tukazijua kwa moyo. Hapana aliyetuambia habari za tanuu hizi. Basi twataka kuwaeleza wasomaji wetu, hasa majumbe na waalimu, jinsi kazi hii ilivyofanywa na ni watu gani walioifanya.

Kwanza na ijulikane kuwa chuma hakipatikani ardhini kikiwa tayari. Hukaa ndani ya mawe mazito yenye rangi ya kutu, nacho kimeshikamana na hewa ile iitwayo oksijeni. Kazi ya fundi ni kuwatenganisha wawili hawa. Makaa yawakapo ndani ya tanuu hutoa hewa ya moto iliyo na njaa ya oksijeni, nayo huinyang'anya ile iliyomo ndani ya mawe, chuma kikabaki. Taka za mawe huyeyuka moto ufikapo karibu na digrii 1,200 za sentigredi, zikatiririka chini. Nazo ndizo ziitwazo mavi ya chuma, ambazo mpaka leo huokotwa mashambani. Chuma chenyewe hakiyeyuki mpaka digrii 1,538, kwa hiyo katika tanuu hizi hakikuwa maji kamwe, bali kilikusanyika kama donge lenye vinyweleo.

Katika nchi nyingi za Afrika moto huo ulipulizwa kwa mifuo, na vijana walipokezana usiku na mchana hata mikono ikafa ganzi. Wafipa waliepuka taabu hiyo kwa akili. Walijenga tanuu ndefu, kiasi cha meta 3 kwenda juu, iliyo wazi kileleni, na chini wakatoboa matundu na kutia ndani yake mirija ya udongo. Hewa ya moto hupanda yenyewe, na ikipanda huvuta hewa baridi iingie kwa chini. Mwalimu atakaye kuwaonyesha watoto jambo hili na awashe karatasi chini ya bomba lililosimama wima, nao wataona moshi unavyokimbilia juu. Hivyo tanuu ilijivutia pumzi yenyewe kwa siku kadha wa kadha, na watu wakaingoja.

Lakini kila faida ina gharama yake. Tanuu ya namna hii hula makaa mengi mno, na donge litokalo huwa limechanganyika sana na taka. Kwa hiyo ilihitajika kazi ya pili. Donge lilivunjwavunjwa, vipande vyema vikachaguliwa, vikatiwa katika tanuu ndogo iitwayo kintengwe, ambayo kimo chake hakikufika kiunoni, na hapo mifuo ilitumika. Chuma kilichosafishwa ndicho kilichopelekwa kwa mhunzi, akakifua kikawa jembe, shoka au mkuki.

Mkuu wa kazi aliitwa umusilungu. Huyu ndiye aliyejua mahali pa kusimamisha tanuu, na namna ya kupanga kuni, makaa na mawe ndani yake, na siku ya kuwasha. Alikuwa na kikapu chake cha dawa kiitwacho intangala, na dawa hizo zilizikwa chini ya sakafu ya tanuu kabla ya kazi kuanza. Tanuu mpya ilifananishwa na bibi arusi. Mafundi walikaa kambini porini, mbali na wake zao, mpaka kazi iishe, kwani iliaminika kuwa avunjaye mwiko huharibu chuma. Wasomaji wengine watacheka. Sisi hatucheki. Kazi ambayo kosa dogo huteketeza taabu ya majuma mengi hutaka watu wenye utii na wasiotawanyika, na mwiko uliwaweka pamoja kuliko amri yo yote ya msimamizi.

Kazi hii ilifanywa wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuwekwa ghalani, na tanuu iliyojengwa vema ilikarabatiwa ikatumika tena miaka iliyofuata. Nayo ilikuwa na haja kubwa, maana Wafipa hulima kwa matuta makubwa ya duara yaitwayo intumba, wakifukia majani yaoze chini ya udongo. Kilimo hicho hukisaga chuma cha jembe upesi. Tena jembe lilikuwa mali ya kutolea mahari na ya kubadilishana na jirani.

Kisha yakaja majembe ya viwandani kutoka ng'ambo, na vyuma vikuukuu ambavyo mhunzi aliweza kuvifua bila kuchoma hata gunia moja la makaa. Mhunzi alibaki na kazi. Umusilungu hakubaki nayo. Mwaka 1937 Bwana Greig aliandika habari za uyeyushaji wa Ufipa katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na wakati huo moto wa malungu ulikuwa ukizimika. Baadaye mtaalamu wetu Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichunguza nchi ya Nkansi, akaonyesha kuwa kabla ya malungu zilikuwako tanuu nyingine fupi, ziitwazo katukutu, zenye ufundi wao mbali.

Sasa majumbe na wasikilize neno hili. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Malungu mengi yaliyosimama yalijengwa baada ya mwaka huo, kwa hiyo hayalindwi na sheria hiyo mpaka Waziri ayatangaze moja moja. Mvua huyala kila masika, ng'ombe hujikuna kwayo, na mwenye shamba huona ni udongo tu unaomzuia kulima. Jumbe aliye na ilungu katika eneo lake aweza kuizungushia ua wa miti kwa kazi ya siku moja, na mwalimu aweza kwenda na wanafunzi na kamba, wakapima kimo chake, wakahesabu matundu, na kuuliza kwa wazee ni ukoo gani uliokuwa na kikapu.