Chujio la Tangi la Samaki: Ukubwa Upi Unafaa?

Malalamiko yanayohusu samaki wa mapambo hufanana sana. Mtu hununua tangi, chujio na samaki siku moja. Boksi la chujio limeandikwa kwamba linatosha tangi la lita 100. Wiki ya pili samaki huanza kupanda juu ya maji wakihema, na wiki ya tatu wamekwisha. Mnunuzi hurudi dukani akidai kuwa aliuziwa samaki wagonjwa, naye muuzaji humjibu kwamba aliwalisha kupita kiasi. Mara nyingi hakuna kati yao aliyelitazama chujio.

Katika sura hii tunaeleza namna ya kupima ukubwa wa chujio kabla ya kutoa fedha, na kwa nini maandishi ya boksi peke yake hayatoshi. Tutamwita msomaji wetu mnunuzi, ingawa kwa kawaida afisi hutumia neno mlaji. Katika habari za samaki neno hilo lingeweza kueleweka vingine.

Kazi mbili za chujio

Wengi hudhani kuwa chujio ni ungo wa kunasa uchafu unaoonekana. Hiyo ndiyo kazi yake ndogo. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yao, na mabaki ya chakula yanapooza huongeza amonia hiyo. Haina rangi, na maji yenye kiasi cha kuua samaki yanaweza kuwa maangavu kabisa. Kinachoiondoa ni bakteria wanaokaa juu ya sponji, vigae na vitu vingine vilivyojazwa ndani ya chujio. Kundi moja la bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo, na hupunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji ya tangi kila wiki.

Kwa hiyo ukubwa wa chujio una maana mbili. Ya kwanza ni wingi wa maji yanayopita kwa saa. Ya pili ni nafasi ya ndani ambamo bakteria watakaa. Boksi hutangaza ile ya kwanza kwa herufi kubwa na kuinyamazia ya pili. Yapo machujio madogo yenye pampu kali na kipande cha sponji kisichozidi kiganja. Maji hupita kwa kasi, lakini bakteria hawana makazi. Tunamshauri mnunuzi aombe chujio lifunguliwe mbele yake, aone kilichomo. Kati ya machujio mawili yenye bei moja na nguvu moja ya pampu, lenye sponji kubwa zaidi ndilo bora.

Kupima maji ya tangi

Pima kwa sentimita urefu, upana na kina cha maji, si kina cha kioo, kwa kuwa tangi halijazwi hadi ukingoni. Zidisha vipimo hivyo vitatu, kisha ugawe kwa 1,000 upate lita. Tuchukue tangi la urefu wa sentimita 80, upana 35 na kimo 40. Dukani litaitwa tangi la lita 112. Maji yakifika sentimita 36 yatakuwa lita 100 na ushei. Ukiweka changarawe na mawe, hubaki kama lita 90. Hizo 90 ndizo za kufanyia hesabu.

Kanuni inayotumiwa na wafugaji wengi ni kwamba maji yote ya tangi yapite katika chujio mara nne hadi sita kwa saa. Kwa lita 90, chujio linapaswa kupitisha kati ya lita 360 na 540 kwa saa. Mnunuzi akisoma boksi lililoandikwa lita 400 kwa saa ataridhika, na hapo ndipo penye kosa.

Tarakimu ya boksi mara nyingi ni ya pampu iliyopimwa ikiwa tupu, bila sponji wala bomba refu. Likishajazwa vitu vyake na kukusanya uchafu wa wiki chache, si ajabu nguvu kupungua kwa theluthi au hata nusu. Lita 400 za boksi zikibaki 240, maji ya tangi letu hayazunguki hata mara tatu kwa saa. Kwa tangi hilo tungechukua chujio lililoandikwa lita 600 au 700, kisha tungelipima.

Kipimo chenyewe hakihitaji kifaa cha pekee. Kinga maji yanayotoka chujioni kwa jagi la lita mbili huku ukihesabu sekunde kwa saa ya simu. Zidisha lita kwa 3,600, kisha ugawe kwa idadi ya sekunde. Jagi likijaa kwa sekunde 20, chujio linapitisha lita 360 kwa saa. Lipime siku ya kwanza, ukiandike kipimo hicho. Kikishuka sana ujue sponji imeziba.

Samaki gani?

Kanuni ya mara nne hadi sita ni ya wastani tu, na samaki hawalingani. Samaki wa dhahabu, ambao wengi huanza nao kwa kudhani ni rahisi, hula sana, huchafua sana na hukua kuliko walivyoonekana dukani. Wao wahitaji chujio kubwa kuliko kanuni. Betta, mwenye mapezi marefu, huchoshwa na mkondo, na kwake mara mbili au tatu kwa saa zinatosha, hasa kwa sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa. Ukimwona samaki amejibana pembeni mwa tangi kutwa nzima, au mapezi yake yanapeperushwa kama bendera, chujio limemzidi. Elekeza maji kwenye kioo, au weka kipande cha sponji mbele ya mdomo wa bomba. Penye vifaranga, funika kwa sponji tundu la kuvutia maji, ama watavutwa ndani.

Wa kuangaliwa zaidi ni samaki wa maziwa yetu wenyewe. Samaki wenye rangi kutoka Ziwa Tanganyika, na wale wa miambani wa Ziwa Nyasa waitwao mbuna, hufugwa duniani kote. Mbuna ni wagomvi, na wafugaji wengi huwajaza kwa wingi tangini ili ugomvi usimwelemee mmoja. Wingi huo huongeza uchafu. Kubwa kuliko hilo ni maji yao. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH inayokaribia 9, na amonia huzidi ukali kadiri pH inavyopanda. Katika maji ya nyuzi 25 za Selsiasi yenye pH ya 7, sehemu ya amonia iliyo katika hali ya sumu kali haifiki asilimia 1. Katika pH ya 8 hufika karibu asilimia 5, na katika pH ya 9 huzidi asilimia 30. Uzembe ambao ungevumilika kwa samaki wengine huwaua hawa kwa usiku mmoja. Kwao tunapendekeza maji yapite chujioni mara sita hadi kumi kwa saa, na ikiwezekana kwa machujio mawili ya wastani badala ya moja kubwa, ili moja likiharibika jingine liendelee.

Umeme

Chujio halizimwi usiku. La wati 8 likifanya kazi saa 24 kwa siku 30 hutumia yuniti 5.76, pampu ya hewa ya wati 3 hutumia yuniti 2.16. Soma pia kibandiko cha volti. Kiandike volti 220 hadi 240 na hezi 50. Baadhi ya bidhaa zinazoletwa kutoka nje zilitengenezwa kwa soko la Marekani, yaani volti 110 hadi 120 na hezi 60. Ukilichomeka chujio hilo moja kwa moja ukutani, litaungua. Ukilitumia kwa transfoma, volti itashuka lakini hezi zitabaki 50, na pampu za aina hii nyingi huzunguka kwa kufuata hezi. Kwa hiyo mzunguko utapungua kwa sehemu moja ya sita hata kabla ya sponji kuziba.

Umeme unapokatika bakteria hukosa hewa, hasa ndani ya machujio ya kopo yaliyofungwa pande zote. Baada ya saa kadhaa huanza kufa na maji yaliyomo huoza. Usiliwashe chujio hilo mara umeme unaporudi: mwaga maji yake kwanza, suuza sponji katika ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, ndipo uwashe. Kamwe usisuuze kwa maji ya bomba yenye klorini, kwa sababu klorini hiyo hiyo inayotukinga sisi huwaua bakteria wa chujio. Panapokatika umeme mara kwa mara, pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ni akiba nzuri. Na kabla ya kutia mkono majini, chomoa kila kifaa.

Dukani

Chujio jipya, hata liwe kubwa namna gani, halina bakteria. Huchukua kama wiki nne hadi sita kukamilika. Muuzaji anayekuuzia tangi, chujio na samaki kumi siku moja hakukosa adabu, ila amekunyima taarifa muhimu. Washa chujio kwanza, ongeza samaki wachache wachache, walishe kidogo, na ubadilishe maji mara nyingi zaidi katika majuma hayo. Ukipata kipande cha sponji kutoka tangi la rafiki lenye samaki wazima, kikiwekwa ndani ya chujio lako hufupisha muda huo.

Omba chujio lijaribiwe katika ndoo ya maji kabla hujalipa. Jagi lako utakuwa umekuja nalo. Omba risiti yenye jina la bidhaa, na utunze boksi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mnunuzi katika biashara. Ikiwa boksi linadai lita 600 na kipimo cha dukani, sponji ikiwa mpya na safi, kinatoa 250, mwoneshe muuzaji hesabu hiyo papo hapo na uombe jingine. Ukiligundua hilo nyumbani, piga picha ya jagi na saa, andika tarehe, na urudi na risiti mapema, kabla sponji haijapata uchafu wa kusingiziwa.