Jifunze: Nyumba ya Wakati wa Vita Huwaje Makumbusho?

Hatua chache kutoka maduka ya leso ya Biashara Street, katika Barabara ya Jomo Kenyatta, zipo sanamu za askari na wapagazi Waafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia, zilizozinduliwa 1927. Vita vya Pili navyo viliacha alama. Mwaka 1942, wanamaji wa Uingereza walitumia jengo la shule ya Allidina Visram kunasa na kufumbua mawasiliano ya siri ya Japani.

Je, nyumba yako ina historia kama hiyo? Fuata hatua hizi:

1. Andika kwanza. Nani aliishi humo, lini, na nani anayesimulia? Wahoji wazee mapema.

2. Omba ruhusa. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi. Wasiliana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya kabla ya kubomoa hata ukuta mmoja.

3. Tumia chokaa. Saruji hufungia unyevu na chumvi ndani ya kuta za mawe ya matumbawe.

4. Pokea vitu kwa maandishi. Medali au picha: imetolewa au imeazimwa? Risasi kuukuu usiziguse, ita polisi.

5. Anza na chumba kimoja. Fort Jesus yenyewe ilikuwa jela hadi 1958; ikafunguliwa kuwa makumbusho 1960.

Sanamu hazitaji jina la mpagazi hata mmoja. Huenda jina moja limo sandukuni mwa nyanya yako.