Mutoto Akitumwa Mbali: Karatasi za Kuvuka Mupaka



Siku munganga wa kituo anapokuambia, "Ugonjwa huu unapita nguvu zetu," moyo unakimbilia pikipiki, feza, na nani atabaki na wale wengine nyumbani. Karatasi hatuzifikiri. Lakini mutu wa mupaka hataanza kwa kupima homa ya mutoto. Ataanza kwa kuomba karatasi.

Kutoka Kabambare tunapita kwanza kituo cha afya, halafu hospitali kubwa ya zone. Wale wakishindwa, mugonjwa anaweza kutumwa Kasongo, Kindu ao Bukavu. Na wako wanaoshuka mpaka ziwa Tanganyika, Kalemie ao Baraka, wanapanda mashua mpaka Kigoma, inchi ya Tanzania, ambako kuna hospitali ya Maweni.

Nilimwona mama mumoja aliyesimamishwa kando ya maji. Karatasi ya transferi ilikuwa na jina la mutoto la nyumbani; fishi ya kupima ilikuwa na jina lingine; kwa serikali mutoto hakuandikwa hata kidogo. Wakamuuliza, "Tutajuaje huyu ni wako?" Alikuwa anamunyonyesha mbele yao! Alilala siku tano kwa watu asiowajua, mutoto akihema kwa shida.

Basi mama, ukizaa, karatasi ya maternite usiiweke tu chini ya kitanda. Ile si karatasi ya serikali bado. Upeleke kwa ofisi ya eta sivili mbele ya siku 90 kuisha. Ndiyo sheria ya Kongo. Siku zikipita, inaombwa hukumu ya tribinali, na pale feza na wakati vinapotea. Jina liwe moja pahali pote: kwa eta sivili, kwa fishi, kwa transferi. Jina la babu mutaliita nyumbani.

Chanjo ya homa ya manjano tunaipa kwa mwezi wa 9, pamoja na ya surua. Lakini kwa kuvuka inaombwa karte ya manjano yenye kutiwa muhuri. Karte ile inaanza kutumika siku 10 baada ya chanjo ya kwanza, na tangu mwaka 2016 inatumika maisha yote. Ukichanjwa leo, kesho haikusaidii. Wewe pia, mama, uwe na yako. Na mbele ya kutoka, tuma mutu aulize kwa DGM ni karatasi gani inaombwa sasa, kwa maana mambo ya mupaka yanabadilika. Mwaka 2020, kwa sababu ya Korona, mipaka ilifungwa.

Si sisi peke yetu. Unajua Mulima wa Mizeituni katika Injili. Pale iko hospitali ya ndugu zetu Waluteri, jina lake Augusta Victoria, inayotunza wagonjwa wa kansa. Mbele ya vita ya Oktoba 2023, mugonjwa wa Gaza aliyetumwa pale alihitaji karatasi ya munganga, siku ya kupokelewa, na tena ruhusa ya Israeli. Mwenye kumusindikiza alihitaji ruhusa yake mwenyewe. Shirika la Afya la Ulimwengu lilihesabu kwamba mwaka 2017 katika maombi 100 ni 54 tu yaliyokubaliwa. Wengine siku yao ya munganga ilipita bila jibu. Na wako watoto waliovuka na bibi yao, mama akabaki nyuma. Wale walikuwa na karatasi zote wakakataliwa. Hilo ni jambo lingine, na tuwaombee. Sisi mara nyingi tunazuiwa na karatasi ambayo tungeweza kuipata hapa hapa.

Lakini sikia vizuri: mutoto akipata degedege, akikataa kunyonya ao akihema mbio, usingoje karatasi yoyote. Mulete hospitali ya karibu saa ile ile, hata usiku.

Siku ya kupima inayokuja, leta fishi na karatasi ya maternite ndani ya mufuko wa plastiki. Tutasoma majina pamoja.