Mbolea ya ng'ombe na shamba la kuazima

Katika vilima vya Masisi ng'ombe wa maziwa na mashamba ya maharagi ni majirani, na majirani hao wanagombana mara nyingi. Ng'ombe anaingia shambani, mkulima anakasirika, kesi inafika kwa shefu. Katika somo hili tunazungumzia kitu ambacho pande zote mbili zinaweza kufaidika nacho, lakini mvua inakichukua kila siku: mavi ya ng'ombe.

Ng'ombe wa kilo 250 hutoa karibu kilo 12 hadi 15 za mavi mabichi kwa siku. Sehemu kubwa ni maji, lakini ndani yake kuna azoti inayokuza majani, fosfori inayosaidia mizizi, na potasiamu. Tusisahau mkojo: karibu nusu ya azoti na sehemu kubwa ya potasiamu vimo humo. Kwa hiyo mwenye zizi atandike nyasi kavu ili zinyonye mkojo huo.

Kilo 1,000 za mavi mabichi zina kama kilo 4 au 5 za azoti. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23. Mtu atasema, basi afadhali urea. Lakini urea haina fosfori, haijengi udongo, na mtu aliyekimbia vita ataipata wapi pesa yake? Tena udongo wa volkano hushika fosfori kwa nguvu hata mimea isiipate, na mbolea iliyooza husaidia kuilegeza.

Rundo lisiachwe wazi. Ile harufu inayochoma pua ni azoti inayokimbia hewani. Nyingine mvua huiteremsha mpaka kijitoni, pamoja na vijidudu vinavyoharisha watoto. (Kipindupindu hakitoki kwa ng'ombe, hutoka kwa mavi ya watu. Lakini magonjwa mengine ya kuhara hutoka kwa ng'ombe.) Rundo liwe mita 30 au zaidi kutoka chemchemi, na liwe upande wa chini yake. Lifunikwe kwa majani ya migomba, ligeuzwe kila wiki mbili au tatu. Chomeka kijiti katikati. Ukikitoa kikiwa cha moto, kazi inaendelea. Joto hilo likifika digrii 55 linaua mbegu za magugu na vijidudu vingi. Baada ya miezi kama mitatu mbolea huwa nyeusi, haina harufu mbaya. Ukiipeleka shambani, ifukie siku ileile. Mavi mabichi yasitumiwe kwa mboga zinazoliwa bila kupikwa, isipokuwa miezi minne ipite kabla ya kuvuna.

Sasa tufike kwenye jambo gumu. Mbolea hii haimalizi kazi msimu mmoja. Azoti nyingine hutoka polepole katika misimu inayofuata. Familia iliyokimbia inabeba mbolea kichwani mwezi wa Septemba, inavuna vizuri, na mwezi wa Februari mwenye shamba anasema analitaka shamba lake, kwa sababu sasa limenona. Na mfugaji aliyesema "chukueni bure" akiona magunia ya maharagi anaanza kudai. Hapo mbolea imezaa ugomvi mpya.

Tunashauri mapatano yafanyike kabla kikapu cha kwanza hakijabebwa. Mfugaji, mwenye shamba na anayelima wakae mbele ya shefu pamoja na mashahidi, wanawake wakiwemo, maana mara nyingi ndio wabebaji. Iandikwe shamba limeazimwa misimu mingapi. Sisi tunaona mitatu ni haki. Iandikwe mfugaji atapata nini, kwa mfano mabua ya mahindi baada ya mavuno. Iandikwe pia nani atalipa ng'ombe wakivunja uzio, na nani atavuna kama familia itarudi kwao mapema. Hilo la mwisho linasahauliwa mno.

Mwenye shamba akikataa misimu mitatu, msimtukane. Wekeni mbolea kidogo katika kila shimo la mbegu, wala msiitawanye shamba zima, na nyingine ijazwe pamoja na udongo katika mifuko ya mboga karibu na nyumba.

Maswali ya kujadiliana: Kwetu mavi ya ng'ombe yanaishia wapi? Ni nani anayelima shamba la kuazima bila mashahidi? Je, wafugaji wetu wangekubali kukaa nasi kabla ya msimu ujao, na nani atawaita?