JENEZA, SANDA NA KABURI

Maneno ya msiba tunayajua sote kwa masikio. Kuyasoma na kuyaandika ni kazi nyingine. Leo tutayatazama, kwa sababu neno moja likikosewa siku ya msiba huwaumiza watu ambao tayari wana majonzi.

Tuanze na neno jeneza. Neno hili limetoka katika Kiarabu. Pwani na Unguja, kwa Waislamu, jeneza ni kitanda cha kuchukulia maiti. Watu hulipokezana mabegani mpaka makaburini. Maiti akisha kuzikwa, jeneza hurudishwa msikitini. Litatumika tena siku nyingine. Lakini sehemu nyingi za bara, hasa kwa Wakristo, jeneza ni sanduku la mbao lenye kifuniko. Seremala hulitengeneza. Maiti hulazwa ndani yake, naye huzikwa pamoja nalo. Halirudi.

Basi tuseme mtu wa bara amehamia pwani, na jirani yake Mwislamu amefariki. Jioni anaambiwa, "Jeneza limekwisha rudi." Asipojua maana, atashtuka. Atadhani maiti hakuzikwa! Hapo hakuna aliyekosea. Neno ni moja, vitu ni viwili. Ukiona watu hawaelewani, sema "jeneza la kuchukulia maiti" au "sanduku la kuzikia".

Zamani, katika vijiji vingi, hapakuwa na sanduku. Maiti alifungwa kwa mkeka, au kwa ngozi ya ng'ombe. Waganda humviringisha maiti kwa nguo ya gome la mti, na desturi hiyo ipo mpaka leo. Hawa wote walizikwa kwa heshima. Kwa hiyo jamaa asiye na fedha za sanduku asione haya, wala asiingie katika deni kubwa kwa sababu ya macho ya majirani.

Nguo ya kumvika maiti ni sanda. Kwa Waislamu, maiti huoshwa kwanza, kisha huvishwa sanda ya nguo nyeupe, mara nyingi bafta. Sanda ya mwanamume ni vipande 3. Ya mwanamke ni vipande 5.

Sasa tufike kaburini. Kaburi la Kiislamu lina shimo jingine dogo ndani yake. Shimo hilo huitwa mwanandani. Litazame neno lenyewe: mwana, ndani. Ni kama mtoto aliye ndani ya kaburi. Maiti hulazwa humo kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla. Kwetu Afrika Mashariki kibla iko upande wa kaskazini. Juu ya mwanandani hupangwa mbao zinazoitwa viunza. Kimoja ni kiunza. Kazi yake ni kuzuia udongo usimwangukie maiti. Ndiyo maana Waislamu wanaweza kuzika bila sanduku, na udongo usimguse marehemu.

Tazameni pia vitendo. Mtu huzikwa. Mbwa aliyekufa hufukiwa. Ukisema "Tumemfukia mzee wetu", wenye msiba watakuchukia, na wana haki. Vivyo hivyo, mnyama aliyekufa ni mzoga, lakini mtu ni maiti. Mtu mzima mwenye adabu husema "amefariki", hasemi "amekufa" mbele ya wafiwa. Kufariki ni kutengana. Aliyefariki tunamwita marehemu, maana yake aliyerehemiwa.

Kutoka zika tunapata mazishi na maziko. Yote mawili ni sahihi. Watu wengine husema msiba, wengine matanga. Katika miji ya Kongo kama Lubumbashi, watu huenda "kwenye kilio". Ukipata barua kutoka huko yenye neno hilo, usidhani ni machozi tu. Umeitwa msibani.

Liko neno moja zaidi, nalo halisemwi sana kaburini: cheti cha kifo. Katika Tanzania, kifo kinatakiwa kuandikishwa katika siku 30. Mtu akifia hospitali, hospitali hutoa karatasi ya taarifa ya kifo. Akifia nyumbani, jamaa humwarifu afisa mtendaji. Karatasi hiyo ndiyo hupelekwa kwa msajili ili cheti kitolewe. Wengi huiacha karatasi ndani ya kanga mpaka inachakaa. Kisha mjane akienda mahakamani kwa habari ya mirathi, au benki kwa fedha za mumewe, huulizwa cheti, naye hana.

Zaidi ya hayo, someni jina lililoandikwa kabla ya kuondoka ofisini. Kama marehemu aliitwa Salumu katika kitabu cha benki, na cheti kinasema Selemani, mjane atarudishwa. Ninyi sasa mnajua kusoma. Msimwachie karani peke yake.

MAZOEZI

1. Kijijini kwenu, jeneza ni kitanda au ni sanduku? Andika sentensi mbili.
2. Andika wingi wa maneno haya: kaburi, kiunza, jeneza.
3. Sahihisha sentensi hii: "Jana tulifukia mzoga wa babu."
4. Andika jina kamili la mzee mmoja wa nyumbani kwenu. Kisha mwombe akuonyeshe kadi au cheti chake, ulinganishe herufi kwa herufi.