Miamba Iliyo Chini ya Kariakoo: Somo kwa Wanafunzi na Wajenzi

Wanafunzi wengi hudhani somo la miamba linahusu milima iliyo mbali na Jiji. Ilhali kila nyumba ya Kariakoo, Gerezani na Jangwani imejengwa kwa miamba iliyovunjwa, kusagwa au kuchomwa. Baada ya ghorofa kuporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na watu kupoteza maisha, elimu hii inamhusu kila mkazi. Makala haya hayaelezi chanzo cha maafa hayo. Yanatoa maarifa ya msingi kuhusu ardhi na vifaa vya ujenzi.

Madini na mwamba

Madini ni kitu cha asili chenye kemikali na umbile maalumu, kama vile kwatzi, ulanga na chumvi. Mwamba ni mkusanyiko wa madini, kama pilau ilivyo mkusanyiko wa mchele, nyama na viungo. Miamba imegawanyika katika makundi matatu:

1. Miamba moto hutokana na uji wa moto wa ardhini uliopoa. Mifano ni mawe ya volkano ya Kilimanjaro na itale ya Mwanza.

2. Miamba tabaka hutokana na mchanga, tope au mabaki ya viumbe yaliyorundikana. Mawe ya matumbawe ya Msasani na Oysterbay yalikuwa miamba hai ya baharini zaidi ya miaka laki moja iliyopita. Chokaa ya Wazo Hill, inayotengenezewa saruji tangu mwaka 1966, ni ya kundi hili.

3. Miamba geu ni ile iliyobadilishwa na joto na mgandamizo mkubwa. Mawe magumu ya Lugoba, yanayopasuliwa kuwa kokoto, ni ya kundi hili.

Ardhi yetu

Katikati ya Jiji hakuna mwamba mgumu karibu na uso wa ardhi. Kuna mchanga na mfinyanzi, na katika bonde la Msimbazi kuna mashapo yaliyoletwa na mto. Mfinyanzi huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Mchanga uliojaa maji huweza kuporomoka kando ya shimo lililochimbwa. Kwa hiyo, kuchimba chini ya jengo lililokwisha kusimama au karibu na msingi wa jirani bila upimaji wa udongo ni kuhatarisha maisha.

Mchanga na kokoto

Mchanga mzuri wa ujenzi una kwatzi kwa wingi, kwa kuwa madini hayo ni magumu na hayaozi upesi. Mchanga wa pwani ya bahari hubeba chumvi, nayo huharakisha kutu ya nondo. Nondo inayopata kutu huvimba na kupasua zege kutoka ndani, wakati mwingine kabla mwenye nyumba hajaona dalili yoyote. Kokoto za matumbawe nazo zina vitundu vingi na hunywa maji zaidi kuliko kokoto za miamba geu.

Majaribio ya darasani

Kwanza, dondoshea jiwe siki au maji ya limau. Likitoa povu, lina chokaa.

Pili, kwaruza jiwe kwa msumari. Chokaa huchubuka, kwatzi haichubuki.

Tatu, tia mchanga nusu chupa angavu, ongeza maji, tikisa, kisha acha utulie. Tope litatanda juu ya mchanga. Tabaka la tope likiwa nene, mchanga huo ni mchafu na utadhoofisha zege.

Majaribio haya hufundisha kutazama. Hayachukui nafasi ya maabara wala ya mhandisi.

Wajibu wa mkazi

Kabla ya kujenga, kuongeza ghorofa au kuchimba chini ya jengo, mwenye jengo anatakiwa kupata kibali cha ujenzi kutoka Halmashauri na kumtumia mhandisi aliyesajiliwa. Mkazi au mpangaji anayeona nyufa mpya zinazopanuka, nguzo iliyopinda au shimo linalochimbwa kando ya msingi, aondoke mahali hapo na kutoa taarifa mara moja katika ofisi ya Serikali ya Mtaa au ya Kata.