Umehamishwa Klabu? Anza Upya Kabla ya Filimbi ya Kwanza

Mchezaji wa Likoni, Mombasa, akiuzwa, habari hufika mtaani kabla yake. Akishuka feri tu anakuta watu wamekwisha kumgawia utajiri asio nao. Huyu anataka mtaji wa bodaboda, yule ana ada ya mtoto shuleni, na wazee wa barazani wanampa mkono wa pongezi wakiamini amebeba mamilioni. Ukweli ni kwamba ada ya uhamisho hulipwa klabu inayomwachia. Mchezaji mwenyewe hupata kile alichoandikiwa katika mkataba mpya, na mara nyingine ni mshahara uleule wa zamani. Wapo pia ambao hata hawakuuzwa: walibadilishwa na mchezaji mwingine, au walitolewa kwa mkopo kwa sababu kocha aliyekuja hakuwahitaji. Hao hurudi nyumbani na uchungu ambao hawamwambii mtu.

Maneno haya ni yao. Ni ya yule aliye katikati ya klabu mbili, anayekimbia peke yake Shelly Beach alfajiri huku akisubiri dirisha la usajili lifunguliwe. Wengi humwambia avumilie, bahati yake itakuja. Mimi naona uvumilivu peke yake hautoshi. Mwanzo mpya hutengenezwa katika zile wiki ambazo mchezaji hana jezi, na kazi yake ya kwanza wala haiko uwanjani. Iko kwenye karatasi.

Tazama yaliyomkuta Feisal Salum, Fei Toto, kijana wa Zanzibar aliyejiunga na Yanga mwaka 2018. Desemba 2022 alitangaza kuondoka, akarudisha pesa kwa imani kwamba mkataba wake unamruhusu kuuvunja kwa njia hiyo. Yanga ilikataa, na Januari 2023 kamati ya Shirikisho la Soka Tanzania ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Mvutano ule uliendelea hadi Rais Samia Suluhu Hassan akauzungumzia hadharani Juni 2023, na mwezi huohuo klabu zikaelewana, Feisal akaenda Azam. Kipaji chake hakikuwa na walakini: msimu wa 2023/24 alifunga mabao 19 ya ligi, akizidiwa na Stephane Aziz Ki wa Yanga tu, aliyefunga 21. Lakini miezi ile ya mvutano ilikuwa imekwenda bila mechi za klabu, na hakuna klabu wala kamati inayoweza kumrudishia.

Kwa hiyo, kabla ya kumpigia kocha yeyote, kusanya vitu vitatu: nakala ya mkataba wako wa zamani yenye sahihi za pande zote, barua ya kuachiliwa kutoka klabu uliyotoka, na ushahidi wa kila mshahara uliolipwa na usiolipwa. Hapa Kenya ni barua ya kuachiliwa inayokwamisha vijana wengi. Mtu anaambiwa kwa mdomo “nenda, hatuna neno,” anaondoka kwa furaha, kisha siku ya usajili klabu inasema bado ni mchezaji wake. Ahadi ya mdomo usiikubali hata ikitoka kwa mwenyekiti aliyekulea. Mwombe kwa heshima aandike, apige muhuri, na ubaki na nakala yako.

Soma na hesabu za kanuni. FIFA inaruhusu mchezaji kusajiliwa na klabu zisizozidi tatu katika msimu mmoja, na kwa kawaida kuchezea mbili tu mechi rasmi. Maana yake, ukisaini haraka haraka na klabu ya kwanza iliyokupigia simu, ukacheza mechi moja, kisha ukaona umekosea, mlango wa msimu huo huenda umejifunga. Mkataba wako ukibakiza miezi sita au pungufu, una haki ya kuzungumza na klabu nyingine bila kuomba ruhusa. Na ikiwa klabu inakudai uaminifu huku haijakulipa mishahara ya miezi miwili, kanuni hizohizo zinakupa njia: unaiandikia, unaipa siku zisizopungua 15 ilipe, na ikishindwa unaweza kuvunja mkataba kwa sababu halali. Usiifanye hatua hiyo peke yako kwa hasira ya usiku mmoja. Chama cha ustawi wa wanasoka wa Kenya, KEFWA, ambacho ni mwanachama wa FIFPRO, shirikisho la kimataifa la vyama vya wachezaji, kipo kwa kazi hiyo. Peleka karatasi zako huko kwanza. Wakala naye muulize leseni ya FIFA; mwenye nayo haoni haya kuionyesha.

Ukitoka Kenya kwenda nchi nyingine, kama kipa Farouk Shikalo alivyotoka klabu ya Bandari kwenda Yanga mwaka 2019, inaongezeka hati ya uhamisho wa kimataifa kati ya mashirikisho mawili, pamoja na kibali cha kazi. Kibali kimewahi kubadilisha historia ya soka letu. McDonald Mariga alikuwa anakwenda Manchester City siku ya mwisho ya dirisha la Januari 2010. Kibali cha kazi cha Uingereza kikakataliwa. Akaelekea Inter Milan. Miezi michache baadaye Inter ikatwaa ligi, kombe la Italia na Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, na Mariga akawa Mkenya wa kwanza kuwa bingwa wa Ulaya ngazi ya klabu. Mlango mmoja ukikataa, hakikisha karatasi zako zinaweza kuufungua wa pili siku hiyohiyo.

Jambo jingine ambalo vijana wetu hawaambiwi: mchezaji akiuzwa nje ya nchi katikati ya mkataba, asilimia 5 ya ada hugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Ile timu ya mtaani iliyokununulia viatu vya kwanza inaweza kupata haki yake, mradi ilikuwa imesajiliwa na jina lako limo kwenye kumbukumbu za shirikisho. Nenda ukahakikishe limo. Hutapungukiwa na chochote, na kuna watoto watakaopata mipira kwa sababu yako.

Karatasi zikikaa sawa, geukia swali linalouma: kwa nini wameniacha? Wachezaji wengi hulikimbia swali hili, nalo huwafuata mpaka klabu mpya. Wakipoteza pasi mbili tu, wanajisemea moyoni, “kumbe kweli mimi si mzuri.” Tafuta jibu mapema, kwa mtu anayelijua. Muombe kocha wa zamani dakika kumi, bila ugomvi, umuulize mambo mawili: nini kilinipunguzia nafasi kwako, na nini ungependa nirekebishe. Huenda akakwambia klabu ilihitaji pesa, au alitaka winga wa mguu wa kushoto nawe unatumia wa kulia. Sababu hizo hazikuhusu wewe kama mtu. Huenda pia akakwambia kwamba baada ya dakika ya 60 unaacha kurudi kukaba. Hilo linakuhusu, na una wiki kadhaa za kulifanyia kazi.

Katika hili sijaona mfano bora kuliko mshambuliaji Mkenya Michael Olunga. Mwaka 2017 alitoka Djurgården ya Sweden kwenda Guizhou Zhicheng ya China, na kabla mwaka haujaisha alikuwa Girona ya Hispania kwa mkopo. Januari 2018 akafunga mabao matatu katika mechi moja dhidi ya Las Palmas, Girona ikashinda 6-0. Ungedhani amefika. Mkopo ukaisha, hakubaki Hispania; Agosti akahamia Kashiwa Reysol ya Japani, na mwisho wa msimu Kashiwa ikashuka daraja. Hapo ndipo wengi wangeomba kuondoka, na kwa mshambuliaji wa jina lake isingeshangaza. Alibaki. Msimu wa 2019 katika daraja la pili alifunga mabao 27, yakiwemo manane siku moja katika ushindi wa 13-1 dhidi ya Kyoto Sanga, na timu ikarudi juu. Mwaka 2020 akawa mfungaji bora wa ligi kuu ya Japani kwa mabao 28 na mchezaji bora wa ligi. Ndipo Al-Duhail ya Qatar ikaja kumchukua, Januari 2021.

Soma mpangilio huo kwa makini. Nchi nne kwa muda usiofika miaka mitatu, kisha akatulia pahala pamoja hata palipokuwa pagumu. Anayehama kila dirisha huwa mgeni daima. Anajifunza majina ya wenzake, halafu anaondoka kabla hawajazoea mbio zake. Ukishapata klabu inayokulipa na inayokupa nafasi ya kushindania namba, jiwekee nia ya kukaa misimu miwili.

Sasa mwili. Mchezaji asiye na klabu hupoteza pumzi upesi, na asiye na pesa za jimu hujiona hana la kufanya. Mtu wa Likoni ana Shelly Beach, bure. Mchanga mkavu wa juu unachosha haraka: kukimbia juu yake hula nguvu takriban mara 1.6 ya kukimbia kwenye ardhi ngumu. Ndiyo faida yake, na ndiyo hatari yake. Kisigino huzama, ukano wa nyuma ya kifundo hunyooka kuliko ulivyozoea, na misuli ya shavu la mguu hubeba mzigo usio wake. Anza na dakika 20, mara mbili kwa wiki, kwa mbio fupi za mita 15 hadi 20 na mapumziko ya kutosha kati yake. Mbio ndefu zifanyie kwenye mchanga ulioloa, mgumu, maji yakiwa yamekupwa. Ufuo umeinama kuelekea baharini, kwa hiyo ukienda upande mmoja urudi kwa njia hiyohiyo, la sivyo goti moja litakulalamikia. Valia viatu vyepesi penye mawe na vipande vya makombe. Mguu uliochanika wiki moja kabla ya majaribio ni hasara ya kujitakia.

Saa ya mazoezi usiipange kwa saa ya ukutani. Maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, na siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yakijaa hupanda sana hata nafasi ya kukimbilia ikawa finyu. Waulize wavuvi, watakwambia kupwa ni saa ngapi kesho. Na usiishie mchangani. Angalau siku tatu kwa wiki tafuta uwanja wa kweli na mpira, kwa sababu mchangani mpira hauviringiki na pasi yako ya kwanza itapoteza makali.

Ukiwa Mwislamu na uhamisho ukaangukia karibu na Ramadhani, mweleze kocha na daktari wa timu wiki ya kwanza kabisa, kabla hawajakuona umechoka na kukudhania mvivu. Mazoezi mazito yanaweza kusogezwa karibu na magharibi au baada ya futari, na daku lako likawa chakula cha mchezaji badala ya chai na mahamri peke yake. Makocha wa Pwani wanalijua hili. Wa bara au wa nje huenda hawajui, na ni wewe wa kuwaelewesha.

Kisha wiki za kwanza. Fika mapema. Ukiwa umesajiliwa na Bandari, mazoezi yako ni Mbaraki, ng'ambo tu ya kivuko, lakini foleni ya Likoni asubuhi haimwonei mtu huruma, na kocha mgeni haelewi “feri ilichelewa.” Vuka saa nzima kabla. Jifunze majina ya wote, ukianzia kwa mtunza vifaa na mchua misuli, maana hao ndio hujua nani anapendwa na nani anajituma. Wakubwa wape ukaka wao. Usiseme “kule tulikuwa tunafanya hivi” hata kama kule mlifanya vizuri zaidi, na picha ya jezi ya zamani iondoe kwenye simu yako. Ukipewa nafasi isiyo yako, icheze kwa moyo wote, kisha mwambie kocha faraghani unakocheza vizuri zaidi. Kukaa benchi mechi tatu za mwanzo si dhuluma. Kunung'unika ukiwa benchi ndiko kutakakokuweka hapo mechi ya nne.

Nyumbani nako kunahitaji mkutano. Kabla jina lako halijatangazwa, kaa na mama, mke, au yeyote anayekutegemea, uwaeleze mshahara ni kiasi gani, unalipwa tarehe gani, na kwamba mwezi wa kwanza huenda ukachelewa. Weka kando kodi ya miezi miwili kutoka kwenye pesa ya kusaini kabla hujamsaidia mtu. Ndugu wa kweli ataelewa, na asiyeelewa angeudhika hata ungempa zote.

Kama barua ya kuachiliwa iko mkononi mwako leo, ipige picha na umtumie mtu mmoja unayemwamini aihifadhi. Halafu mpigie kocha mpya, umsalimu vizuri, umuulize mazoezi yanaanza saa ngapi.